Futi ya Mwanjaa

Kabla ya mkandarasi na picha zake za vioo
tulianza na futi ya kushonea.
Mwanjaa wa namba sita aliivua shingoni,
ya njano, nambari zimefifia
kwa viuno vya Chumbageni nzima.
Akasema, pimeni, ila irudi kabla ya Ijumaa,
nina gauni la bibi harusi.

Mimi ndiye katibu. Nilishika daftari.
Kaya kumi na nne, ngazi moja,
jengo la enzi mkonge una bei;
leo zege linabanduka kama ukoko
na nondo zinachungulia, nyekundu.
Masika iliyopita kipande kiliangukia baiskeli ya Hiza.
Hiza hakuwa juu yake.
Ndivyo kilivyoitishwa kikao.

Cha kwanza tulikuja watano.
Cha pili ishirini na wawili, na wengine hatukuwajua:
watoto wa Shekigenda, kutoka Korogwe, kutoka Muheza,
kila mmoja na bahasha yake.
Maana hati ingali na jina la Shekigenda,
na Shekigenda yuko udongoni mwaka wa tisa.
Marehemu hatii sahihi.
Tukachanga nauli, tukaenda mahakama ya mwanzo,
tukarudi, tukaenda. Miezi saba.
Msimamizi wa mirathi akapatikana:
yule binti mdogo waliyemkalisha karibu na mlango.

Miezi hiyo saba mkandarasi hakulala.
Alipita usiku, chumba kwa chumba.
Kwa Kihiyo aliahidi jiko la marumaru.
Kwa Bi Somoe aliahidi lifti.
Umeme ukikatika? aliuliza Bi Somoe.
Akamaliza chai, akaaga.
Kesho yake niliandika, kwa wino mweusi:
hakuna atakayetia sahihi peke yake,
hata kwa jamaa, hata kwa gunia la sukari.

Ndipo tukapima.
Hiza ncha ile, mimi ncha hii.
Kwa Kihiyo tulikuta futi tatu za ukumbi wa wote
zimemezwa na kabati.
Kabati hili lipo tangu zamani, akasema.
Na ukumbi pia, tukasema.

Kwangu zilitoka futi kumi na moja na inchi tisa.
Marehemu mume wangu alihesabu kumi na mbili, miaka yote.
Nilikaa kitandani.
Nani kanila inchi tatu?
Kumbe kila mlango una kilio kilekile,
jengo zima limesinyaa kwa siku moja,
jirani anamtazama jirani mikononi.

Mwanjaa ndiye aliyecheka.
Futi imelegea, jamani! Miaka kumi na minane inavutwa.
Mnadhani wateja wananipendea nini?
Kiuno cha thelathini na sita
nakisoma thelathini na tano.

Tukachanga tena, kwa kununa.
Tukamleta mhandisi wetu, si wake yeye,
binti wa Pongwe mwenye kimashine cha nukta nyekundu.
Inchi zangu tatu zikarudi.
Za Kihiyo zikaondoka.

Sasa mkataba uko kwa wakili,
ukurasa wa tisa umejaa penseli.
Kodi ya huko Mikanjuni tutakakojibanza, iwe benki
kabla nyundo haijainuliwa.
Bi Somoe apewe chini, na bomba lake.
Na akifilisika katikati, tukiwa tumebaki na shimo?
Hilo bado hajalijibu.
Kihiyo naye bado hajasaini; anapita kimya,
kabati liko palepale.

Jana mkandarasi alikuja amekunja uso.
Mnanichelewesha, akasema. Mwaka na nusu, maneno matupu!
Mwanjaa alikuwa na pini midomoni.
Akazitoa, moja moja, akazichomeka begani.
Baba, gauni la siku moja
bibi harusi hulijaribu mara tatu.
Nyumba je?

Akatafuta kiti.
Tukamwonyesha mkeka.